Kitabu Kisichokuja: Ahadi ya Mtunzi na Haki ya Msomaji katika Riwaya za George R. R. Martin

Uhakiki wa fasihi umezoea kushughulika na maandishi yaliyokwisha kutolewa. Mhakiki huketi na kitabu mbele yake, akapima fani na maudhui, kisha akatoa hukumu. Makala haya yanahusu kitabu ambacho hakipo. Kinaitwa The Winds of Winter, nacho ni cha sita katika mfululizo wa riwaya za kifantasia za Mmarekani George R. R. Martin ujulikanao kwa jina la A Song of Ice and Fire. Kitabu cha tano, A Dance with Dragons, kilitoka mwezi wa Julai 2011. Hadi mwaka 2025 cha sita kilikuwa hakijatoka, na cha saba, ambacho ndicho kinachotazamiwa kuifunga hadithi, hakuna awezaye kukitajia tarehe. Katika muda huo wasomaji wengi sana, katika lugha nyingi, wamengoja, wamebishana, wamekasirika, na baadhi yao wamekwisha kufariki. Tunauliza: je, kungoja huko kuna maana yoyote ya kifasihi, ama ni jambo la soko tu lisilompasa mhakiki?

Historia yenyewe ni fupi. Martin, aliyezaliwa mwaka 1948 huko Bayonne katika jimbo la New Jersey, alikusudia kuandika vitabu vitatu. Cha kwanza, A Game of Thrones, kilitoka mwaka 1996, cha pili mwaka 1998, cha tatu, A Storm of Swords, mwaka 2000. Kufikia hapo mwendo ulikuwa wa miaka miwili miwili na msomaji hakuwa na sababu ya kunung'unika. Cha nne kikachukua miaka mitano, cha tano miaka sita, na vile vitatu vikageuka kuwa saba. Kituo cha televisheni cha HBO kilianza kuionyesha hadithi hiyo mwaka 2011, kikampita mtunzi mwenyewe mwaka 2016, kikaimaliza mwaka 2019. Kwa hiyo msomaji wa leo yumo katika hali isiyo ya kawaida: ameonyeshwa mwisho na watu wengine, naye angali anangoja mwisho wa mwenye hadithi.

Mwaka 2009 msomaji mmoja alimwuliza mwandishi Mwingereza Neil Gaiman kama ilikuwa haki kumlaumu Martin kwa kukawia kwake. Gaiman alijibu kwa maneno makali, ambayo hatutayarudia hapa, kwamba Martin si mtumwa wa wasomaji wake, na kwamba anayenunua kitabu amenunua kitabu hicho tu, wala hakufunga mkataba wa kupewa vile vijavyo. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi kana kwamba limemaliza ubishi. Kisheria ni sahihi, na kiutu pia ni sahihi, maana wapo walioandika matusi yasiyostahili kuandikiwa mtu ye yote. Lakini ni jibu la wakili, na fasihi ina namna nyingine za kuahidi ambazo wakili hazioni.

Tutazame mwisho wa kitabu cha tano. Jon Snow anachomwa visu na askari wake mwenyewe. Daenerys yuko nyikani, amezingirwa na wapanda farasi ambao hatujui watamtendea nini. Mfalme Stannis amekwama thelujini njiani kwenda Winterfell. Taharuki ya namna hii haina maana yoyote ikiwa hakuna kinachoifuata. Ni mbinu ambayo uhai wake wote umo katika kesho. Mtunzi anayekata masimulizi mahali kama hapo amemwambia msomaji, bila kutia sahihi, kwamba atarudi. Isitoshe, Martin aliwahi kuahidi kwa maandishi. Mwishoni mwa kitabu cha nne, A Feast for Crows cha mwaka 2005, aliwaeleza wasomaji kwa nini nusu ya wahusika hawamo, akaongeza kwamba anatumaini kwa dhati kitabu kinachofuata kitatoka mwaka ujao. Kilitoka baada ya miaka sita. Msomaji anayeikumbuka kauli hiyo hadai kitu ambacho hakuahidiwa. Ahadi ipo. Tunachoweza kubishania ni namna ya kuipima, nasi twaona kwamba haipimwi kwa kalenda bali kwa kuchunguza kazi yenyewe.

Wapenzi wengi wa riwaya hizi husema kwamba mtunzi ni mvivu, au kwamba fedha za televisheni zimemlevya. Maelezo hayo ni mepesi mno. Tukiichunguza fani, tutaona kwamba ucheleweshaji umo ndani ya muundo. Kila sura ya Martin husimuliwa kwa macho ya mhusika mmoja, na katika vitabu vya mwanzo jina la mhusika huyo ndilo jina la sura. Katika kitabu cha kwanza, ukiacha dibaji, wenye macho walikuwa wanane. Katika cha tano, pamoja na dibaji na hitimisho, walifika kumi na wanane. Msimulizi maizi, yule ajuaye yote, amefukuzwa kabisa. Sasa tazama gharama yake. Hakuna tukio linaloweza kusimuliwa ila awepo mtu wa kuliona. Hakuna mtu anayeweza kuliona ila apewe sababu ya kufika pale. Na akisafiri, siku za safari yake lazima zilingane na siku za wenzake kumi na saba. Msimulizi wa ngano husema tu, "Miaka ikapita, mtoto akakua," na mambo yakaendelea. Martin alitamani kusema hivyo. Baada ya kitabu cha tatu alipanga kuruka miaka mitano ili wahusika watoto wakue, akaandika kwa muda, kisha mwaka 2001 akaiacha njia hiyo. Watoto wangeweza kukaa miaka mitano wakijifunza, lakini watu wazima wenye vita mikononi wasingeweza kukaa bure, na kila sura ingelemewa na kumbukumbu za yaliyotokea katikati.

Hapo ndipo matatizo yalipozaliwa. Habari zilizokuwa zifichwe katika miaka ile mitano zikaanza kusimuliwa moja moja. Kitabu kikanenepa hata kikabidi kigawanywe, nacho kikagawanywa kwa mahali badala ya wakati: wahusika wa kusini wakapewa kitabu cha nne, wa kaskazini na wa ng'ambo ya bahari wakangojea cha tano. Matokeo yake ni kwamba msomaji aliyeachana na Jon, Tyrion na Daenerys mwaka 2000 hakuyaona tena mambo kwa macho yao hadi 2011. Kisha likaja lile ambalo Martin mwenyewe aliliita fundo la Meereen. Wahusika wengi walikuwa wakisafiri kuelekea mji huo mmoja, na ilibidi aamue nani afike kwanza, nani amkute nani, nani achelewe. Kila mpangilio uliharibu mwingine. Fundo lilifunguliwa, kwa sehemu, kwa kumpa shujaa mzee Barristan Selmy sura zake mwenyewe ili awepo wa kuona yanayotukia wakati malkia hayupo. Yaani shida iliyoletwa na wingi wa macho ilitatuliwa kwa kuongeza jozi nyingine ya macho. Na bado haikutosha. Vita viwili vikubwa, kimoja cha thelujini na kimoja cha Meereen, vilivyokuwa vifunge kitabu cha tano, viliondolewa vikasukumwa mbele kwenye cha sita. Hii ndiyo sababu A Dance with Dragons humwacha msomaji na njaa. Kitabu hicho kimekatwa kilele chake.

Martin hupenda kuwagawa watunzi katika wasanifu wa majengo, wanaochora ramani kabla ya jiwe la kwanza, na watunza bustani, wanaopanda mbegu wakatazama itaota nini. Yeye hujihesabu miongoni mwa hao wa pili, na watetezi wake wameikariri sitiari hiyo hadi imechakaa. Hatuna ugomvi na bustani. Lakini palizi ni nusu ya kilimo, na katika kitabu cha nne na cha tano kuna miche mingi ambayo mkono wenye huruma kidogo ungeing'oa mapema. Kisa cha mwanamfalme Quentyn, anayesafiri kurasa nyingi hadi akaunguzwa na joka, kina uzito wake wa kimaudhui, kwa kuwa kinazikejeli ngano za ushujaa. Bali idadi ya siku alizotumia njiani ilikuwa mojawapo ya kamba za fundo lile.

Tarehe 2 Januari 2016 Martin aliwaandikia wasomaji kwamba kitabu hakijakamilika na kwamba alikuwa ameshindwa kutimiza tarehe mbili, mwisho wa Oktoba na mwisho wa Desemba 2015. Ni andiko la kiungwana, lisilo na visingizio. Mwishoni mwa mwaka 2022 alitaja kuwa na kurasa kama 1,100 au 1,200. Mwaka mmoja baadaye idadi iliyotajwa ilikuwa bado 1,100. Ye yote aliyewahi kuandika tasnifu ataelewa takwimu hiyo bila kufafanuliwa.

Msomaji wa Kongo, anayezifikia riwaya hizi kwa njia ya Kifaransa, amefahamu aina nyingine ya kungoja. Shirika la Pygmalion, lililozitoa kwa jina la Le Trône de fer katika tafsiri ya Jean Sola na baadaye ya Patrick Marcel, lilikikata kila kitabu cha Kiingereza vipande viwili, vitatu, hata vinne, hivyo vitano vikawa kumi na tano. Mtu alimaliza kipande akadhani mtunzi ndiye aliyekata, kumbe ni mhasibu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linasaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo hasira huvichanganya. Ucheleweshaji wa Pygmalion ulikuwa wa kibiashara. Kitabu kizima kilikuwapo kwa Kiingereza, kikauzwa kwa vipande. Ucheleweshaji wa Martin hauna faida ya namna hiyo kwa mtu ye yote, na mchapishaji wake angekuwa wa kwanza kushangilia ungekoma.

Wangojao, kwa upande wao, hawakukaa bure. Hapa ndipo tunapoona thamani ambayo uhakiki wa vyuo umeidharau. Kwa kuwa hakuna kipya cha kusoma, wamesoma cha zamani mara ya pili, ya tano, ya kumi, wakizingatia ndoto, rangi za nembo na maneno yaliyokatizwa. Miaka mingi kabla ya televisheni kulithibitisha mwaka 2016, walikuwa wamekwisha kukisia kwamba Jon si mwana wa Eddard Stark bali wa dadaye Lyanna na mwanamfalme Rhaegar. Walifikia hapo kwa kulinganisha maneno, kama wafanyavyo wanafunzi wetu wanapofundishwa kuchambua utendi mstari kwa mstari. A Feast for Crows, ambacho kilipotoka kililaumiwa kwa uzito na ukosefu wa wahusika wapendwao, kimepata heshima yake katika usomaji huu wa pole pole. Sisi tunakihesabu kuwa kitabu cha pili kwa ubora katika vyote vitano, nyuma ya A Storm of Swords. Hata hivyo kuna hasara. Fumbo lililokisiwa sawasawa na maelfu ya watu halimshtui mtu tena, na mtunzi anayejua kwamba limekisiwa hana budi kuchagua kati ya kulibadili kwa kuiharibu mantiki yake na kulitoa kama lilivyo kwa watu wasioshangaa.

Kuna pia suala la kifo, ambalo adabu ingetaka tulinyamazie, ila limo katika kila mjadala. Mwaka 2014 Martin aliliambia gazeti moja la Uswisi kwamba watu wanaobashiri kifo chake wanamchukiza, akalisindikiza jibu kwa ishara ya kidole. Alikuwa na haki. Lakini hofu ya wasomaji haikutoka hewani. Robert Jordan, mtunzi wa The Wheel of Time, alifariki Septemba 2007 kabla ya kumaliza kitabu cha mwisho. Aliacha maelezo mengi na onyesho la mwisho alilokwisha kuliandika, na mkewe Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, akamteua Brandon Sanderson aimalize kazi. Kitabu kimoja kilichobaki kilitoka kikiwa vitatu, miaka ya 2009, 2010 na 2013. Dickens alipofariki mwaka 1870 sehemu sita tu kati ya kumi na mbili za The Mystery of Edwin Drood zilikuwa zimekamilika, na hadi leo watu wanabishana kama Drood aliuawa. Riwaya hiyo inasomwa, inafundishwa, ingawa hakuna ajuaye kwa yakini mtunzi alikusudia nini.

Dhana hii ya kwamba hadithi lazima iwe nzima ndiyo hadithi ni ya karatasi zaidi ya tunavyodhani. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alipoandikisha utendi wa Mwindo kwa Wanyanga wa Kivu, fanani Rureke aliuimba kwa siku kadhaa mfululizo, naye akasema kwamba hajawahi kamwe kuutoa wote kwa mfuatano huo. Alizoea kutoa sehemu hii au ile, kama ilivyotakiwa na mkutano. Mwindo mzima, uliochapwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ulipatikana kwa kuwa mtu wa kitabu aliuomba. Hatusemi kwamba Martin ni Rureke. Hadhira ya Wanyanga iliijua hadithi tangu utotoni, ikaja kusikia sauti na mchezo. Hadhira ya Martin haijui kitakachotokea, na imefundishwa na mtunzi mwenyewe kuona kutojua huko kuwa ndiyo raha. Hata hivyo Martin naye hutoa sehemu. Sura kadhaa za kitabu kisichokuja zimetolewa, nyingine amezisoma kwa sauti katika mikutano ya wapenzi wa fasihi hii. Mwezi wa Mei 2016, huko Baltimore, aliisoma ile iitwayo The Forsaken, yenye kutisha kuliko karibu yote yaliyomo katika vitabu viwili vilivyotangulia. Waliohudhuria walitoka wakawasimulia wengine yale waliyoyashika kwa kumbukumbu, kila mmoja kwa namna yake, na masimulizi yao hayakulingana yote.