Nyuzi 26 za Raleigh kwenye mashine ya milimita

Fundi anayefufua Raleigh ya zamani hukutana na shida hii akifika kwenye tundu la ekseli ya pedeli. Kikombe kipya kinaingia mzunguko mmoja, wa pili, kisha kinakwama. Wengi hulaumu kutu. Kumbe Raleigh ya Nottingham iliendelea kukata tundu hilo kwa nyuzi 26 kwa inchi wakati wenzake wa Uingereza walikuwa wameshazoea 24, na vikombe vingi vya dukani leo ni vya 24. Anayelazimisha kwa spana ndefu anaharibu fremu, si kikombe.

Dawa ni kukereza kikombe chako mwenyewe. Hapa nachambua jinsi kazi hiyo inavyofanyika kwenye mashine ndogo ya kukereza ya mezani, zile za jamii ya Sieg C3 za kipimo cha milimita, ambazo skrubu yake ya kuongoza husogeza kisu 1.5 mm kwa kila mzunguko. Mashine kama hiyo haikuundwa kwa ajili ya nyuzi 26 kwa inchi, na jedwali lililobandikwa kwenye kifuniko cha gia halina msaada.

Tuanze na hesabu. Inchi ni 25.4 mm kamili, kwa makubaliano ya mwaka 1959. Ukigawa kwa 26 unapata hatua ya 0.9769 mm kutoka uzi hadi uzi. Karibu mno na milimita moja, na hapo ndipo wavivu hunaswa: wanapanga gia za 1 mm na kusema tofauti ni ndogo. Ni ndogo kwa uzi mmoja. Kwa nyuzi kumi inafika 0.23 mm, karibu robo ya hatua nzima, na thredi ya baiskeli haina ulegevu wa kumeza kiasi hicho.

Ili kupata hatua kamili, skrubu ya kuongoza inabidi izunguke mara 127 kila spindeli inapozunguka mara 195. Namba 127 haigawanyiki kwa chochote, kwa hiyo lazima iwepo gia yenyewe ya meno 127. Watu huiagiza au kuichapa kwa printa ya 3D kana kwamba bila hiyo kazi haifai. Mimi siioni haja. Kwa moduli 1, ambayo ndiyo ya gia za mashine hizi, gia hiyo ina upana wa 129 mm kutoka ncha hadi ncha, na mara nyingi kifuniko hakifungiki tena.

Tazama badala yake gia nne za kawaida: 57 na 20 zikiendesha, 35 na 50 zikiendeshwa. Zidisha 57 kwa 20, gawa kwa 35 mara 50, unapata 0.65143. Tunachohitaji ni 0.65128. Kosa ni asilimia 0.0225, na hatua inayotoka ni 0.9771 mm. Kwa nyuzi kumi umekosea kama 0.002 mm. Gia ya 57 inaonekana ya ajabu, lakini ni 19 mara 3, na nyuzi 19 kwa inchi ndizo za fitingi za bomba za robo inchi na za tatu ya nane, ndiyo maana gia hiyo imo kwenye seti za mashine hizi za inchi. Ipo njia iliyo sahihi zaidi, 40 na 40 juu ya 39 na 63, yenye kosa la asilimia 0.0125. Lakini kutafuta gia ya 39 na ya 63 ili kupunguza kosa ambalo hakuna kifaa cha nyumbani kitakachoweza kulipima kwenye kikombe ni kupoteza hela.

Mpangilio nao una siri yake. Kwenye karatasi, gia zinazoendesha zinaweza kubadilishana nafasi bila jibu kubadilika. Kwenye chuma haiwi hivyo. Jaribu 20 isukume 35, na 57 ikae shafti moja na hiyo 35: umbali kati ya vituo vya 20 na 35 ni 27.5 mm, wakati 57 peke yake, pamoja na meno yake, inatoka 29.5 mm kutoka katikati. Itagonga shafti ya jirani. Kinachofaa ni 57 isukume 35, kisha 20 iliyo pamoja na 35 isukume 50. Kwa kunyoosha kabisa, mpangilio huo unafika 81 mm. Pima kwanza umbali kati ya shafti zako mbili. Ukizidi hapo, ongeza gia ya katikati, ambayo hubadilisha mwelekeo tu na wala haigusi uwiano.

Kabla ya kukata, kwaruza. Paka wino kwenye kipande cha fimbo, acha kisu kiguse kidogo tu, halafu pima nafasi 52 kati ya mistari kwa vernia. Inapaswa kuwa 50.8 mm. Ukisoma 52 umepanga gia za milimita moja bila kujua.

Nati ya nusu usiifungue mpaka kazi iishe. Kwa uwiano huu kisu hurudi kwenye njia yake baada ya spindeli kuzunguka mara 175 na skrubu mara 114, kwa hiyo saa ya kuvizia thredi haikusaidii. Ondoa kisu kwenye chuma, rudisha mashine kwa kugeuza mota, sogeza kisu tena ndani. Atakayegeuza mota kabla ya kutoa kisu atauona uzi wake ukichanwa na pleyi ya gia.

Kikombe cha upande wa mnyororo kina thredi ya kushoto, kwa sababu mzunguko wa goroli ungekifungua chenyewe kama ingekuwa ya kulia. Wanaoanza huiogopa. Mimi naiona ndiyo rahisi: unakata mfereji karibu na ukingo wa kikombe, unaanzisha kisu humo, nacho kinakwenda mbali na taya na kutokea hewani. Hakuna hofu ya kugonga ukingo. Thredi ya kulia ndiyo inayokimbilia kwenye ukingo, na hapo kidole kikae juu ya swichi. Kisu ni kilekile kwa pande zote mbili, maana kwa kipenyo cha 34.9 mm mteremko wa uzi ni kama nusu digrii tu.

Kina ndicho kinachowakosesha wengi. Thredi ya baiskeli ya Kiingereza ni ya digrii 60, na kina chake ni 0.52 mm kwa upande mmoja, lakini hesabu hiyo inadhani ncha ya kisu ni ya duara yenye nusu kipenyo cha 0.16 mm. Ukinoa kisu hadi kiwe kikali kama sindano na kuishia 0.52, mbavu za uzi bado ni nene na kikombe hakitaingia. Kwa ncha kali inabidi ushuke hadi karibu 0.68. Angalia pia kama duara la namba kwenye slaidi ya msalaba linaonyesha kipenyo au nusu yake, mashine hutofautiana.

Njia ya goroli ndani ya kikombe inataka chuma kilichotiwa ugumu na kusagwa, kazi ambayo mashine hii haiwezi. Afadhali ukereze kikombe cha kubeba beringi iliyofungwa. Beringi ya 6903 ina kipenyo cha nje cha 30 mm, na chini ya thredi yenye kina cha 0.52 zinabaki takriban 1.9 mm za ukuta. Inahitaji ekseli ya 17 mm, kwa hiyo ya zamani yenye kota pini itabidi iondoke. Safisha thredi ya fremu kwanza, kwa kikombe kikuukuu cha 26 kilichopasuliwa kwa msumeno ili kizoe rangi na kutu. Kisha lete fremu yenyewe kwenye mashine na ujaribu kikombe kikiwa bado kwenye taya. Ukikitoa kabla hakijaingia, kukirudisha kwenye njia ileile ya kisu ni kazi ya jioni nzima.