Mwendo wa Gia Nzito

Kenya kuna mashindano ya magari ambayo kasi haina tuzo. Rhino Charge yalianza mwaka 1989, na washindani hawaambiwi watapelekwa pori gani mpaka siku zimekaribia. Kila gari lina saa 10 za kufika kwenye vituo 13 vilivyotapakaa vilimani na makorongoni, na mshindi ni yule aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Anayeuzunguka mlima ameongeza kilomita. Anayeukata moja kwa moja atajua muda si mrefu kwa nini mwenzake ameuzunguka. Fedha za mashindano hayo zilikwenda kwanza kwenye uzio wa umeme wa Aberdare, karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009, ili faru na tembo wakae ndani, mahindi ya wakulima yapone nje, na msitu unaoipatia Nairobi maji ubaki msitu.

Siyataji mashindano haya kwa ajili ya faru, ingawa faru wanastahili. Nayataja kwa sababu sijaona kanuni nyingine iliyoueleza vizuri hivyo ufundi wa kuendesha fowili kwenye njia mbaya. Wanaouona ufundi huu kwenye video za simu hudhani ni kelele: tairi zinazunguka, moshi, tope limeruka hadi kwenye matawi, vijana wanashangilia. Kwa dereva mwenyewe picha ile ni ya mtu aliyeshindwa dakika mbili zilizopita na bado hajakubali. Tairi linalozunguka pasipo kwenda linachimba, na linajichimbia lenyewe. Dereva mzuri hana cha kupigwa picha. Gari lake linapanda jiwe, linasita, linashuka upande wa pili, na abiria aliyekuwa akisinzia anaendelea kusinzia.

Marekebisho ya gari nayo hueleweka vibaya. Mtu akisikia gari limefanyiwa kazi gereji, anauliza habari za injini. Mafundi wa magari ya porini hawaanzi huko. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1984 na ambazo zimejaa gereji za Arusha, nyingi zilifungwa dizeli ya lita 4.2, silinda sita, isiyo na tabo, ambayo kwenye lami haimtishi mtu. Sifa yake ni kuvuta ikiwa imetulia. Iache izunguke polepole katika gia namba moja, mguu wako usiguse mafuta, na bado itapanda. Kwa hiyo fundi anaiacha ilivyo, anashughulika na vilivyo chini yake. Anaongeza majani ya springi na kubadilisha shokapu ili tumbo liinuke. Anafunga bomba la hewa linalopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa, injini isije ikanywa maji. Anaweka winchi mbele. Na kama gari ni la watalii, anakata chasisi na kuirefusha ipatikane safu nyingine ya viti, na paa analifanya la kuinuka.

Hapo ndipo mwenye gari anapata kiti cha ziada na dereva anapata shida ya ziada. Gari refu likifika ukingo wa korongo, magurudumu ya mbele yameshaanza kushuka na ya nyuma hayajafika juu; tumbo linakaa juu ya udongo na gari zima linaning'inia hapo, tairi zote zikigusa ardhi kwa juujuu tu. Kwa hiyo dereva wa Arusha anakuwa na jicho ambalo mwenye gari fupi hana haja nalo. Anaupima ukingo kwa mbali, anauingia mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, pale mwenzake angeuvamia uso kwa uso.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote chini ya gari ni difu, na ndicho pia kinachowaangusha wengi. Kwenye kona tairi la nje husafiri zaidi ya la ndani, hivyo difu imetengenezwa iyaachie magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti. Kwenye lami hiyo ni rehema. Porini, gurudumu moja likipoteza ardhi, difu hiyohiyo hulipelekea mzunguko wote lile lisilo na kazi, na lililokanyaga mwamba linabaki limesimama. Ndiyo maana gari la fowili linaweza kukwama kwa kukosa mshiko magurudumu mawili tu, moja mbele na moja nyuma. Loki ya difu huyafunga pamoja magurudumu mawili ya ekseli moja: likizunguka moja, la pili nalo halina hiari.

Sasa, mgeni wa kazi hii akishawekewa loki huiwasha asubuhi na kuizima jioni. Mzoefu huiwasha hatua chache kabla ya jiwe na kuizima mara tu anapolivuka. Gari lililofungwa difu linagoma kukata kona, na kwenye ubavu wa mlima wenye utelezi magurudumu yote mawili ya nyuma huteleza kwa pamoja, mkia ukaondoka kuelekea bondeni. Kifaa kilekile kilichomtoa shimoni ndicho kinachomwangusha. Naona siri ya ufundi huu iko hapo: gari linazidi kupewa uwezo, na dereva anazidi kujifunza kuutumia kidogo.

Upepo wa tairi unafuata mantiki hiyohiyo. Kwenye mchanga, dereva anaufungua kutoka kipimo cha 40 hadi karibu 20, tairi linalala, unyayo wake unarefuka, na gari lililokuwa linazama linaanza kuelea. Hakuna marekebisho ya bei nafuu zaidi ya hayo. Yanahitaji kijiti cha kubonyeza valvu na subira ya kujaza tena. Lakini tairi lililolegea, ukilipeleka kwenye mawe meusi ya volkano ya njia ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, litachanika ubavuni kabla hujamaliza kuisifu busara yako.

Kuvuka maji sitasema mengi. Teremka, vua viatu, vuka kwa miguu na fimbo, halafu urudi uliendeshe gari palepale ulipokanyaga. Usibadilishe gia ukiwa katikati. Maji yakikushinda wewe kusimama, gari halina miguu bora kuliko yako.

Mlima unastahili maneno zaidi, hasa mlima unaokushinda katikati. Kupanda hadi kileleni kunaweza kuwa bahati. Umahiri wa dereva huonekana pale injini imezima, boneti inatazama mawingu, na nyuma kuna mita arobaini za mteremko wa kokoto. Mwili mzima wa binadamu unamtaka afanye mambo mawili: akanyage klachi, au ageuze gari ashuke akiona mbele. Yote mawili yameua watu. Ukikanyaga klachi na kutegemea breki peke yake, magurudumu yanafunga, yanateleza, na usukani unakuwa pambo. Ukigeuza, umeuonyesha mlima ubavu wa gari, na gari refu lenye mizigo juu ya paa halihitaji kushawishiwa sana ili libiringike.

Ustadi wenyewe unakwenda kinyume na mwili. Breki ya mguu imeshikwa barabara. Gia inaingizwa rivasi, upande wa gia nzito, zile za mwendo mdogo wenye nguvu. Klachi inaachiwa yote wakati injini bado imezima. Breki inalegezwa kidogo kidogo, na gari linakalia injini yake, halisogei. Ndipo ufunguo unazungushwa, mguu ukiwa mbali na klachi. Kwenye magari ya zamani stata inaisukuma injini na gari kwa pamoja, injini inashika, na gari linaanza kurudi kinyumenyume, polepole mno, usukani umenyooka, macho kwenye vioo, kwenye alama zilezile lilizopandia. Chini, dereva anashuka, anauangalia mlima upya, anahamisha jiwe moja, anajaribu tena. Nimeona watu wakifanya hivyo huku wakizungumzia mpira. Sijui kazi nyingine ya mikono ambayo utulivu wake unanistaajabisha kiasi hicho.

Polepole nayo si dini. Mvua za masika zikinyesha kwenye udongo mweusi wa mbuga, kwa mfano kule Ndutu, kusini mwa Serengeti, sheria inageuka. Udongo ule hujaza mifereji ya tairi mpaka tairi jipya linakuwa kipara kwa dakika moja, na gari likisimama limeshika makazi. Pale dereva anahitaji mwendo: gia ya pili au ya tatu, mguu thabiti, usukani ukichezeshwa kushoto na kulia ili kingo za tairi zitafute pa kuuma. Katikati ya tope haruhusiwi kuwa na shaka. Shaka zake zote alipaswa kuzimaliza kabla hajaingia, amesimama pakavu, mikono kiunoni. Na isidhaniwe kwamba lazima uache barabara ndipo ukutane na pori. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mtalii hana ruhusa ya kuchepuka njia, na ni haki, kwa kuwa alama ya tairi kwenye nyasi huchukua muda mrefu kufutika. Masika hulileta pori lenyewe hadi barabarani.

Vikombe vya mashindano huenda kwa wenye magari yaliyofungwa vyuma ndani na winchi mbele na nyuma, na wanavistahili. Mimi kikombe changu ningewapa madereva wa Land Rover kuukuu zinazobeba watu kwenda minadani Longido na Monduli. Gari la kwanza la jina hilo lilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Ile ndefu iitwayo 109 iliacha kutengenezwa miaka ya themanini, na bado utaikuta imejaa akina mama, magunia ya mahindi, mbuzi, na vijana wameshikilia ngazi ya nyuma. Marekebisho yake ni kipande cha reli kilichochomelewa kuwa bampa na springi zilizoongezwa hadi gari likitembea tupu linarusha watu. Loki hakuna. Kuna abiria wanaolijua gari kama dereva mwenyewe. Likifika kwenye korongo wanashuka bila kuambiwa, wanavuka kwa miguu, na wazee wawili watatu wanabaki ndani kwa heshima ya umri wao.

Magari mapya yana kompyuta inayohisi kila gurudumu na kulizuia linapoteleza. Unageuza kitufe kwenye picha ya mchanga, tope au mawe, na gari linajipima lenyewe. Kazi hiyo linaifanya vizuri, na anayebisha ana wivu. Lakini kompyuta inajua tairi likishateleza, na dereva anapaswa kujua kabla. Kwa hilo bado hakuna chombo kinachomshinda utingo aliyetangulia mbele, akitembea kinyumenyume, uso kwa gari, mikono miwili hewani: "Njoo, njoo, kata kulia, kidogo tena, achia, njoo." Dereva haoni jiwe, boneti imelificha, anaona viganja tu. Anaviamini, hata vinapomtuma mahali ambapo macho yake yanakataa. Na wakijitokeza wawili wa kumwelekeza, kila mmoja na mkono wake, dereva mzuri anakanyaga breki, anatoa kichwa dirishani na kuuliza: "Jamani, nimfuate nani?" Hasogei hata inchi mpaka mmoja wao ashushe mikono.