Ufundi wa Kuomba Msaada

Wapo Wakristo waaminifu wadhanio kwamba kumlilia Mungu wakati wa majaribu hakuhitaji mafunzo, kwa kuwa mwenye dhiki hulia pasipo kufundishwa. Lakini watawa wa jangwa la Sketi, kule Misri, ambao katika karne ya 4 waliacha miji na mali wakaishi kwa kusuka kamba na vikapu vya majani ya mtende, waliifanya dua kuwa sanaa yenye ustadi wake, nayo ilirithishwa na mzee kwa mwanafunzi sawasawa na kazi ile ya mikono.

Yohane Kasiano, aliyekaa nao miaka kadhaa kabla ya kwenda Marseille na kuanzisha monasteri yapata mwaka 415, aliandika kwa Kilatini mazungumzo 24 ya wazee hao. Na katika zungumzo la 10 Abba Isaka anamkabidhi siri aliyoipokea kwa waliomtangulia, nayo ni mstari mmoja tu, ule ufunguao Zaburi ya 70, ambamo mja anamsihi Mungu afanye hima kumwokoa.

Naustaajabia uteuzi huo. Maneno ni machache hata mtu aliyezongwa na wasiwasi aweza kuyashika. Tena ni ombi na ungamo kwa pamoja, maana aombaye msaada amekwisha kukiri kwamba hajiwezi, na amekwisha kusadiki kwamba yuko karibu amsikiaye. Abba Isaka huyapeleka maneno yale yale katika kila hali: tumbo likidai chakula kabla ya saa yake, usingizi ukimlaza mtu juu ya kitabu, hasira ikipanda, huzuni ikifukuza amani. Na lililonigusa kupita yote, aagiza yasemwe hata moyo ukiwa umejaa furaha ya rohoni, kwani hapo ndipo kiburi hunyemelea. Nami naamini kwamba kuomba siku ya ushindi ni kugumu zaidi, kwa sababu aliyeanguka hupiga ukelele mwenyewe, bali aliyesimama hana budi awe amekwisha kuzoea.

Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliuweka mstari huo mwanzoni mwa sala za saa. Hata leo watawa Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda, nchini Tanzania, huanza nao, mara kadhaa kila siku, wala hawaingoji kwanza mioyo yao ipate hamu.