Weupe wa Qurum si Weupe wa Malindi

Katika kumbukumbu za familia zinazoandikwa na watu wetu wa Maskati kuna sentensi moja inayorudi kila mara: kwamba nyumba za huku, kwa weupe wake, zinamkumbusha mwandishi nyumba za mawe za Unguja. Nami nimewahi kuiandika, tena zaidi ya mara moja. Leo naona si sahihi, na kosa lake halikuishia kwenye karatasi. Limeingia kwenye kuta.

Tuanze na Qurum tunakokaa. Jina lenyewe kwa Kiarabu ni mikoko, na mikoko bado ipo hapa karibu na ufuo, imehifadhiwa. Boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu ndizo zilizobeba dari za nyumba kubwa za Unguja, na majahazi yakizipakia kwenda Ghuba vilevile. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, huku na kule. Lakini katika nyumba zetu za Qurum hutaikuta boriti hata moja. Hizi ni nyumba za baada ya 1970, waliotoka Zanzibar walipoitwa nyumbani wakaja kwa wingi: nguzo za zege, tabuk za saruji, plasta ya saruji, juu yake subgh ya ndoo. Kuweka mlango wa kuchonga wenye njumu za shaba mbele ya ukuta huo ni jambo la kupendeza, nami sina ugomvi nalo, ila mlango haugeuzi ukuta. Na weupe wake ni wa kanuni. Manispaa inataka nje ya majengo iwe nyeupe au rangi hafifu, nasi tukautii weupe huo mpaka tukauona ni urithi wetu.

Ukuta wa Qurum una adui zake. Mvua si mmoja wao sana, maana Maskati hupata kiasi cha milimita 100 tu kwa mwaka. Adui ni jua la kiangazi, joto linapopita nyuzi 45, na chumvi inayokuja na upepo wa bahari. Mchana ukuta unatanuka, usiku unanywea, na plasta ya saruji, ambayo haijui kunyumbulika, inapata nyufa nyembamba kama unywele. Hapa rangi ya maji iliyotengenezwa kwa akriliki safi ina haki ya kusifiwa. Haigeuki vumbi haraka kwa jua kama zile za bei ya chini, na zile nzito zinazovutika kama mpira huziba nyufa hizo na kwenda nazo ukuta ukitanuka. Anayejenga upya asubiri plasta ikauke, siku 28 kwa uchache, kwa kuwa saruji mbichi ina ukali unaoila rangi. Anayepaka tena aoshe chumvi kwa maji matamu kwanza, na asipake ukuta unaopigwa na jua la adhuhuri.

Lakini hata huku rangi ina mpaka wake. Tazameni kuta za uani za mtaa wetu: juu safi, chini, usawa wa goti, zimebabuka. Maji ya ardhini yenye chumvi, na maji ya bustani tunazozimwagilia kila jioni, yanapanda ndani ya tabuk na kuisukuma rangi kutoka nyuma. Hakuna ndoo inayotibu jambo hilo. Baada ya kimbunga Gonu cha Juni 2007, Qurum ilipofurika, wengi wetu tulipaka upya kabla kuta hazijakauka kwa sababu tuliona aibu ya zile alama za tope. Rangi yangu ilitoka malengelenge, nikamlaumu fundi. Fundi alikuwa kanishauri kusubiri.

Sasa twende Unguja, mtaa wa Malindi, penye nyumba ya nasaba yetu ambayo jamaa bado wanakaa upande mmoja. Ukuta wake ni kitu kingine kabisa. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa mkono mzima, hauna saruji wala kizuizi cha maji chini. Mvua kule ni karibu milimita 1,600 kwa mwaka, masika na vuli. Ukuta kama huo haujengwi ili usilowe. Unalowa, kisha unakauka kwa kupumua, na chokaa iliyopakwa juu yake inauacha upumue. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa, yakazimwa kwa maji, yakapakwa, na kwa hewa yanarudi kuwa jiwe. Inachakaa upesi, ni kweli. Ndiyo maana watu walipaka kila baada ya muda mfupi, kabla ya Idi, kabla ya harusi, tabaka juu ya tabaka.

Mwaka 2011 tulichanga hapa Maskati, tukatuma ndoo za akriliki bora, ile ile iliyotufaa Qurum. Wazo lilikuwa langu. Niliwaambia jamaa kwamba tumechoka na chokaa inayochafua kanzu za wanaoegemea ukuta barazani. Mafundi walikwangua ukuta kwa burashi la waya mpaka kwenye plasta ya zamani ili rangi ishike, wakapaka mara mbili. Picha zilipokuja, nyumba ilikuwa nyeupe kama meno. Tukazionyesha kwa shangazi yetu mkubwa, aliyezaliwa mle ndani. Akazitazama muda mrefu, kisha akasema, “Na ile buluu niliyoolewa nayo mumeitupa wapi, wanangu?”

Sikumwelewa siku ile. Chini ya weupe wa mwisho mlikuwa na manjano, chini yake buluu ya harusi yake, na chini yake nyingine ambazo hata yeye hakuziwahi. Mtu mwenye kisu kidogo na subira angeweza kuzisoma moja moja na kujua nyumba ile ilikuwa na sura gani kabla ya 1964, na kabla ya hapo. Sisi tunaolalamika kwamba hati zetu zilipotea katika Mapinduzi tulikuwa na hati moja imebaki mahali pake, tukailipia mchango ikwanguliwe.

Ukuta nao haukutushukuru. Masika ya tatu rangi ilifura kama mikate ya kumimina. Maji yaliingia kwa juu penye bomba bovu, yakakosa pa kutokea, chumvi ikaganda nyuma ya utando wa rangi, na plasta ikaanguka vipande vikubwa na rangi yake. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo yaliyogharimiwa na Oman, na watu wawili wakafa, mazungumzo ya mabaraza yetu hapa yamekuwa juu ya fedha: ngapi, na za nani. Sisemi rangi ndiyo iliyoiangusha. Nasema hata sasa sijamsikia mchangaji anayeuliza ukuta wa mawe unataka nini kabla hajauliza ndoo ni riali ngapi.

Kuna vijana wetu waliosikia habari hizi wakageukia upande wa pili, wanataka kupaka nyumba za Qurum chokaa, ati kwa ajili ya asili. Nawaheshimu kwa nia, lakini chokaa haishiki juu ya utando wa akriliki wa miaka thelathini, na katika jua la Julai inakauka kabla haijageuka jiwe, inabaki unga. Anayetaka ukuta wa saruji unaopumua aulizie rangi za silikati, alizozisajili Adolf Wilhelm Keim huko Ujerumani mwaka 1878, miaka mitano kabla ya Sayyid Barghash kujenga Beit al-Ajaib. Hizo huungana na plasta yenyewe, ila nazo zinataka ukuta mtupu. Kwa nyumba nyingi za mtaa huu, akriliki iendelee.

Wa Malindi tumeshaanza kuusafisha, safari hii kwa mkono, si kwa burashi la waya. Nyuma ya roshani, pale ngazi ya mafundi haikufika, kumebaki kipande cha buluu kama viganja viwili. Tumekizungushia mstari wa penseli kisiguswe. Chokaa imelowekwa shimoni uani, na tunasubiri masika yaishe.