Yatima na Mama Yake: Kukisoma Upya Kijitabu Chetu cha Safari

Kijitabu cha maandalizi ya safari yetu ya kwanza ya kujitolea, kwenye makao ya watoto nchini Kenya, kina kurasa kumi na mbili. Tulikiandika wenyewe, kwa hiyo tukikikosoa hapa hatumsengenyi mtu. Kurasa nne ni za hati za kusafiria, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na kubadilisha fedha Namanga. Nyingine ni za mavazi, nyimbo, igizo la Msamaria Mwema na zawadi. Watoto wenyewe wamepata nusu ukurasa, nayo inatuambia tuwapende, tuwakumbatie, tusilie mbele yao.

Kwenye jalada tuliandika Yakobo 1:27. Tulilisoma andiko hilo kama agizo la kupanda basi. Lakini Yakobo hakuwataja yatima peke yao. Amewaweka pamoja na wajane, kama Torati na manabii walivyozoea kufanya. Katika Agano la Kale yatima kwa kawaida ni mtoto asiye na baba, na mama yake aweza kuwa hai. Tazama Maombolezo 5:3: wanaojiita yatima wanawataja mama zao papo hapo, nao wamekuwa kama wajane. Hiyo ni nyumba moja. Sisi tumeigawa: mjane tumemwachia idara ya wanawake, mtoto tumempeleka kwenye jengo lenye geti.

Hata neno la kuwatazama tumelipunguza. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Yakobo ndicho kilicho katika Luka 1:68, Mungu anapowajia watu wake na kuwakomboa. Kiswahili chetu nacho kinajua jambo hili: anayekwenda kumtazama mgonjwa haendi kupiga naye picha.

Andiko ambalo lingetufaa zaidi jaladani ni 2 Wafalme 4. Mjane anamlilia Elisha kwa sababu mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hatafuti mahali pa kuwapeleka wale wavulana. Anauliza kuna nini nyumbani. Kuna chupa ya mafuta. Majirani wanaazimisha vyombo, mafuta yanauzwa, deni linalipwa, na kinachobaki kinamlisha mama na wanawe. Watoto hawakuondoka. Majirani, ambao mahubiri yetu huwasahau, walitoa vyombo vitupu tu, navyo vilitosha.

Jambo hili si la nyakati za manabii pekee. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walioko katika makao duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wengi hupelekwa huko kwa sababu ya umaskini: ada, chakula, ugonjwa wa mama. Kenya yenyewe ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na tangu 2022 ina mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika malezi ya familia na jamii. Sisi tulikuwa tunakwenda na pipi mahali ambapo wenyeji wameshaanza kuuliza kwa nini watoto wapo pale.

Mama mmoja wa usharika wetu alilelewa kwenye makao. Alikisoma kijitabu na kukirudisha bila neno, tulipombembeleza, akasema: "Nilikuwa na mashangazi wengi kuliko mtoto yeyote pale mjini. Siku ya wazazi shuleni hakuja hata mmoja." Alisema pia kwamba baada ya muda aliacha kuwauliza wageni majina yao.

Mzee mmoja wa kanisa alitupinga, na hoja yake ina uzito. Wapo watoto wasio na ndugu kabisa, alisema, na wapo walezi wanaokesha nao kwa mshahara mdogo, je, tuwasuse? Tena vijana wakikaa nyumbani huruma itakomaa wapi? La kwanza tunalikubali. La pili tunaliogopa, maana mtoto wa mtu si shamba la mazoezi ya huruma yetu.

Basi tuliwaandikia walezi, tukauliza wanachohitaji na ni watoto wangapi wenye mama aliye hai. Walijibu kwamba ni wengi, baadhi mwendo wa saa moja tu kutoka hapo. Waliomba fundi wa paa na mtu wa kuwasaidia kuwafuatilia akina mama. Safari ya Agosti ipo, lakini wanakwenda watu wawili, na nauli za waliobaki zinasubiri majina ya nyumba zenye madeni. Kwaya ya vijana imenuna. Mabegi ya nguo bado yako sakristia, na hatujakubaliana yaende wapi.