Waya Usioguswa

Siku hizi kuunganisha boila za gesi na kompyuta inayoongoza jengo kumegeuzwa kazi ya asubuhi moja. Kijana anafika na laptopu, anafunga nyaya mbili, anaona namba zimetokea kwenye skrini, anapiga picha, anaituma ofisini kwake, anaondoka. Boila inawaka. Ankara inalipwa. Lakini aliyekuja hakushika bomba hata moja kwa kiganja chake, hakuuliza maji yanarudi na joto gani, wala hakutaka kujua ni akina nani wanaokaa juu ya chumba kile cha chini, watoto au wazee.

Yuko fundi mmoja hapa Brussels ambaye hafanyi hivyo. Ni mzaliwa wa Buluo, kando ya Likasi, na sisi tuliotoka Katanga tunamwita Papa, kama tunavyomwita kila mwanamume wa rika la baba zetu. Ametumia sehemu kubwa ya maisha yake chini ya ardhi ya mji huu, katika vyumba vya boila vya shule, vya nyumba za wazee, vya majengo marefu ya makazi. Nimemfuata huko mara nyingi, kwa kuwa napenda kumwona akifanya kazi na kwa kuwa ni miongoni mwa mahali pachache hapa ninapoweza kusikia Kiswahili cha kwetu. Hata Matonge, mtaa wetu wa Ixelles, Kilingala ndicho kinachotawala.

Ukimtajia Mkongomani jina la Buluo, mara nyingi atakumbuka gereza. Jambo hilo humuudhi Papa. Kwake Buluo ni asubuhi za Juni na Julai, baridi kavu ya nyanda za juu inayouma masikio, na baba yake akitoka nyumbani kabla jua halijachomoza kwenda kiwandani Shituru. Kiwanda hicho kilianza kutoa shaba mwaka 1929, na baba alikuwa mmoja wa mafundi wa vipimo: watu waliotunza mishale, mirija na masanduku yaliyowaambia wengine kinachotendeka ndani ya matangi ambayo jicho halifiki. Hawakuchimba, hawakuyeyusha. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba kipimo kinasema kweli.

Ni lazima nikae kidogo hapa, maana ustadi wote wa Papa umetoka hapa.

Katika viwanda vya enzi hiyo habari zilisafirishwa kwa hewa. Mrija mwembamba wa shaba ulibeba hewa yenye presha kati ya 0.2 na 1 bar: 0.2 ikimaanisha chini kabisa ya kipimo, 1 ikimaanisha juu kabisa. Baadaye umeme ukashika nafasi ya hewa, lakini mpango ukabaki uleule: miliampea 4 ndiyo chini, 20 ndiyo juu. Kwa nini isianze na sifuri? Kwa sababu mrija ukitoboka au waya ukikatika, kinachofika mwisho wake ni sifuri. Wahenga wa kazi hii walikataa kuiachia sifuri maana yoyote nyingine. Mshale ukisimama kwenye 4, tangi ni tupu na kipimo ni kizima. Ukianguka chini ya 4, usiliangalie tangi, nenda ukautafute waya. Mambo mawili ambayo mtu mvivu angeyachanganya yalitenganishwa tangu kwenye mchoro, kabla ya mtu yeyote kufunga skrubu.

Papa alifundishwa hayo na baba yake akiwa bado mtoto, mezani, bila ubao wala daftari. Mpaka leo huyarudia kwa lugha ya nyumbani: «Zero njo mutu mwenye kunyamaza. Hauyue kama analala ao alikufa.»

Sasa mfikirie mtu aliyelelewa hivyo anaposhuka katika chumba cha boila cha Ulaya. Boila nyingi hapa hupokea amri ya kompyuta ya jengo kwa waya wa volti 0 mpaka 10. Volti zikipanda, maji yatoke na joto zaidi, zikishuka, yapoe, zikikaribia sifuri, boila inapumzika. Hapo hapo Papa anasita. Panya akiukata ule waya usiku wa Januari, boila itaona sifuri, itadhani imeambiwa ipumzike, na itapumzika kwa utii wote, huku shule nzima ikiganda na skrini ya msimamizi ikionyesha kwamba hakuna hitilafu. Kwa hiyo yeye hafungi waya ule kabla hajafungua kitabu cha boila na kutafuta ukurasa unaoeleza mashine itafanya nini sauti ya kompyuta ikipotea. Akiona kuna njia, huipanga hivi: chini ya volti kadhaa boila isitii tena, irudie akili yake yenyewe, isome joto la nje kwa sensa yake, ipashe maji kwa kiasi cha wastani, na ipige kengele. Kisha anaung'oa waya kwa makusudi, anasimama pembeni, mikono nyuma, anangoja aone. Kungoja huko ofisi hazikulipii. Nimemwona akingoja mpaka chai ya kwenye chupa yake ikaisha.

Halafu kuna waya mwingine, na huu ndio ninaotaka usifiwe kuliko yote, ingawa sifa yake ni kwamba Papa hauunganishi na kitu chochote. Kila boila ina mnyororo wa ulinzi: kidhibiti kinachokata moto maji yakizidi joto, kingine kinachokata presha ya gesi ikipungua, kingine kinachokata maji yakikosekana, na jicho linalotazama kama mwali upo kweli. Kimojawapo kikikata, vali ya gesi inafungwa na boila inajifungia, ingoje mtu. Wanunuzi wa siku hizi hutaka hata kufungua huko kufanyike kutoka kwenye simu, mtu akiwa kitandani, na wapo mafundi wanaowakubalia bila kuwauliza lolote. Papa hukataa. Kompyuta inaruhusiwa kuomba moto, kuomba joto fulani, kuarifiwa kwamba boila imejifungia na kwa sababu ipi. Kuilazimisha iwake tena baada ya kujifunga, bila jicho la mtu aliyeshuka ngazi na kunusa hewa ya chumba, hapana. Aliwahi kumwonyesha kijana wa ofisi moja kifungu cha nyaya hizo kwa ncha ya bisibisi, bila kukigusa: «Iyi hapana kugusa. Iyi njo roho ya moto.»

Kwangu mimi ustadi wa kuunganisha uko hapo. Yeyote anaweza kujifunza kinachounganishwa. Lugha ambazo mashine hizi huzungumza zipo, Modbus tangu 1979, BACnet tangu 1995, vitabu vimejaa na kozi ni za bei nafuu. Fundi hujulikana kwa kile anachokataa kukikabidhi.

Kazi yenyewe, ukiitazama, ilizaliwa shuleni. Warren Johnson alikuwa mwalimu wa chuo cha walimu huko Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani, na alichoshwa na wahudumu walioingia darasani kila mara kutazama kipimajoto, wakateremka kufungua au kufunga njia ya hewa ya moto. Mwaka 1883 alipata hataza ya chombo cha umeme kilichopeleka habari ya joto la darasa hadi chini kwa mchochea moto. Miaka miwili baadaye akaanzisha kampuni huko Milwaukee. Watu hukumbuka kampuni. Mimi namkumbuka zaidi yule mchochea moto asiye na jina, maana chombo cha Johnson kilimletea habari tu, hakikumwondoa. Alibaki na koleo lake na uamuzi wake. Vivyo hivyo kwetu Katanga, makaa ya mawe kutoka migodi ya Wankie yalipokuwa yakilishwa kwenye matumbo ya magarimoshi, walikuwapo watu waliojua kwa rangi ya moshi kama moto unashiba au unapoteza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 umeme ulipoingia kwenye reli ya Likasi hadi Tenke, hakuna aliyewauliza walichokijua.

Papa bado hutumia mkono. Skrini imemwandikia kwamba maji yanarudi kwenye boila yakiwa na nyuzi 62. Anaweka kiganja kwenye bomba kwanza, ndipo anaiamini. Boila za sasa zimetengenezwa zivune hata joto lililofichwa ndani ya mvuke wa moshi, na mvuke huo haugeuki maji mpaka maji yanayorudi yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Yakirudi na 62, mwenye jengo alinunua boila ya bei kubwa na anaitumia kama ya babu yake. Mara nyingi kosa liko kwenye kompyuta: aliyeunganisha aliacha joto la 80 lililowekwa kiwandani, mchana na usiku, masika na kipupwe. Papa hulishusha kidogo kidogo, akilifuata joto la nje, na hurudi wiki inayofuata kuuliza walimu kama vidole vyao vilikuwa baridi. Sensa ya nje huitafutia ukuta wa kaskazini usiopigwa na jua. Katika jengo moja aliikuta imefungwa juu ya tundu la moshi wa jikoni, na kila saa ya mapishi kompyuta ilisadiki kwamba majira ya kuchipua yamefika.

Husoma pia hesabu ya mara ambazo boila imewashwa. Boila mbili zinazowaka na kuzimika siku nzima zinaumia, hata kama vyumba vina joto. Afadhali moja iwake kwa mwali mdogo na mrefu, ya pili ingoje. Na kila kitu anachokipeleka kwenye skrini hukipa jina ambalo msimamizi wa jengo analielewa, kwa Kifaransa cha kawaida: maji yanayorudi, boila ya kwanza, pampu ya ghorofa ya pili. Wengine huacha herufi na tarakimu zilizotoka kiwandani, na msimamizi anabaki mbele ya skrini ya bei ghali asiyoweza kuisoma. Huo nauita utovu wa adabu, na sitafuti neno laini zaidi.

Kazi inaongezeka, na hilo ndilo linalonitia uchungu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2018 ilitaka majengo yasiyo ya makazi yenye mitambo ya joto ya zaidi ya kilowati 290 yawe na mfumo wa kujiongoza ifikapo 2025, na ile ya 2024 imeshusha kiwango hadi kilowati 70, mwisho wa 2029. Maelfu ya vyumba vya chini vitafunguliwa kwa haraka, na haraka ndiyo adui wa kungoja. Wakati huohuo gesi yenyewe inaagwa. Hazina kuu ya gesi ya Groningen, iliyogunduliwa Slochteren mwaka 1959 na kulisha nyumba za Brussels kwa miongo mingi, Uholanzi iliifunga kwa sheria mwaka 2024. Wakubwa wanajiuliza kwa nini wamfundishe kijana moto ambao wajukuu wake hawatauona. Wanasahau kwamba mashine zitakazofuata nazo zitakuwa na nyaya zisizofaa kuguswa.

Kwetu hasara ilitangulia. Wafanyakazi 10,655 waliondoka Gécamines, kampuni ya shaba ya Katanga, katika mpango wa 2003 na 2004 ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, kila mmoja na bahasha yake. Fedha zilizungumzwa sana, mpaka leo zinazungumzwa. Sijasikia mtu akizungumzia mafundi wa vipimo walioondoka bila wanagenzi, na kile walichokijua kuhusu sifuri. Likasi hatuna mabomba ya gesi, kweli. Lakini Dar es Salaam viwanda vimekuwa vikichoma gesi ya Songo Songo tangu 2004, boila zake zinahitaji watu, na viwanda vipya vya shaba vya Katanga vimejaa kompyuta zilizofungwa na wageni wanaopanda ndege wakishamaliza.

Papa anakaribia kustaafu. Ana daftari, lakini kulisoma daftari lake bila yeye hakutoshi, mimi nimejaribu. Ningetaka shule ya ufundi ya Likasi imlete kijana mmoja, wa kike au wa kiume, akae naye msimu mzima wa baridi, tangu Oktoba boila zinapoamshwa hadi Aprili, alipwe mshahara wa mwanagenzi kwa saa zote, na zile za kusimama tu mikono nyuma waya ukiwa umeng'olewa zihesabiwe pia.