Sahihi ya Nora

Wakati wa Kwaresima iliyopita vijana wa parokia yetu walisoma kwa sauti, jioni tatu, mchezo wa teatre wa Henrik Ibsen, mtu wa Norwe. Kwa Kifaransa mchezo huo unaitwa Une maison de poupée, yaani Nyumba ya Mwanasesere, yule mtoto wa kitambaa wanaomchezea wasichana. Sisi tulikaa kando tukigeuza maneno kwa Kiswahili, kwa ajili ya mama wasiosikia Kifaransa. Jioni ya kwanza watu walicheka. Ya pili walinyamaza. Ya tatu waligombana, na ugomvi ule ukatufuata mpaka mlangoni mwa kanisa siku ya Dominika.

Sababu yake ni mwisho wa mchezo. Nora, mama wa watoto watatu, anaondoka usiku, anamwacha bwana yake, na mlango unasikika ukifungwa. Wazee walisema kwamba kitabu hiki kinafundisha mama kukimbia nyumba zao, tena ni aibu kukisoma mbele ya picha ya Familia Takatifu. Baadhi ya dada walijibu kwamba Nora amefanya vizuri, na laiti wangekuwa na nauli. Tuliombwa tuandike neno letu katika kurasa hizi. Basi tunaandika, tukijua kwamba hatutawapendeza hawa wala wale. Maana pande zote mbili zilikuwa zikiutazama mlango, na kisa chenyewe kimo katika karatasi.

Tuikumbuke karatasi hiyo. Miaka michache kabla ya mchezo kuanza, Torvald, bwana wa Nora, alikuwa mgonjwa wa kufa. Waganga walimwambia bibi yake kwa siri: asipopelekwa nchi ya joto, hatapona. Fedha hazikuwapo. Nora akakopa kwa mtu mmoja aitwaye Krogstad, akamdanganya bwana yake kwamba fedha zimetoka kwa baba yake. Wakasafiri mpaka Italia, mgonjwa akapona. Lakini yule mkopeshaji alidai mdhamini, na mdhamini awe mwanaume, baba yake Nora. Mzee huyo naye alikuwa kitandani akingoja kufa. Nora hakutaka kumsumbua. Akaandika jina la baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakujua hata kuficha: tarehe ya sahihi ni 2 Oktoba, na mzee alikuwa amekufa 29 Septemba. Marehemu ametia sahihi siku tatu baada ya kufa! Hapo ndipo Krogstad alipomkamata.

Tunaomba msomaji aangalie namna Ibsen anavyoiingiza sheria katika habari hii. Hatuoni hakimu wala polisi. Katika sehemu ya kwanza rafiki yake Nora anasema tu, kama mtu anayesema kwamba mvua imeanza, kuwa mwanamke mwenye bwana hawezi kukopa pasipo ruhusa ya bwana. Hakuna anayeshangaa. Mazungumzo yanaendelea. Kwa maoni yetu hapa ndipo penye ufundi wote wa mchezo. Sheria inayokaa nyumbani muda mrefu haipigi kelele tena; inakuwa kama ukuta, watu wanatundika picha juu yake. Nora anaficha deni lake, analipa kidogo kidogo kwa fedha za jikoni, usiku anajifungia akinakili maandishi ya watu apate senti, tena anaona furaha, kwa sababu kazi ile inamfanya ajisikie karibu kama mwanaume. Mbele ya bwana yake anaruka na kuimba kama ndege. Watu wetu walimcheka kwa tabia hiyo. Wengine walimwita mpumbavu. Sisi twasema: mtu ambaye sahihi yake haina thamani, atumie nini kupata kitu, isipokuwa uzuri wake na uongo?

Tena bwana yake si mlevi, wala hampigi. Ni mtu safi, anayechukia madeni. Anapojua habari ya sahihi, hasemi, "Umeniokoa." Anasema juu ya jina lake, juu ya kazi yake mpya ya kuongoza benki, na kwamba Nora hafai kulea watoto. Barua ya pili inapofika, na hati ya deni imerudishwa, anapiga kelele ya furaha kwamba yeye ameokoka. Halafu anamsamehe bibi yake. Mama mmoja wa Legio ya Maria, aliyekuwa amesinzia, aliamka hapo akauliza: "Anamsamehe nini?" Hatujasikia maelezo mazuri zaidi ya swali hilo, hata katika vitabu.

Kisa hiki hakikutoka hewani. Ibsen alimfahamu mwandishi mmoja kijana, Laura Kieler. Bwana yake aliugua kifua. Laura akakopa kwa siri ili ampeleke Italia, akashindwa kulipa, akajaribu kutumia hati ya uongo. Bwana alipojua, alimwona kuwa mama asiyefaa, naye Laura akapelekwa katika nyumba ya wenye wazimu. Baadaye alirudi nyumbani kwa ajili ya watoto. Basi Nora wa kweli hakufunga mlango. Mlango ulifungwa juu yake. Wale wanaosema kwamba Ibsen alizidisha chumvi, wajue ya kuwa alipunguza.

Na mwisho ule? Mwaka 1880, katika Ujerumani, mchezaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuuigiza, akisema kwamba yeye hangewaacha watoto wake. Ibsen, akiogopa watu wengine wasiuharibu mchezo wake, akaandika mwisho mwingine: Torvald anamvuta Nora mpaka mlango wa chumba cha watoto, Nora anaona wamelala, anaanguka chini, hawezi kwenda. Yeye mwenyewe aliuchukia mwisho huo. Wazee wetu waliposikia habari hii walifurahi, wakadai usomwe huo. Tunasikitika kuwapinga. Sisi katekista hatuwezi kumsifu mama anayewaacha watoto watatu gizani, na hatumsifu. Lakini mwisho wa Kijerumani unawageuza watoto kuwa kamba ya kumfungia mama, na Torvald anabaki alivyokuwa, hakujifunza neno. Huko si kuiponya ndoa. Katika mwisho wa kwanza walau mtu huyu anabaki ameketi peke yake na swali.

Makosa ya mchezo tunayaona. Krogstad anageuka mwema kwa haraka mno, kwa kuwa amempata mchumba wake wa zamani. Deni zito namna ile linamalizwa kwa mapenzi ya watu wengine. Na yuko yaya, Anne-Marie, aliyemwacha mtoto wake mwenyewe kwa watu ili aje amlee Nora. Anasema habari hiyo kwa maneno machache, halafu Ibsen anamsahau. Sisi hatukumsahau. Nora anaweza kufunga mlango kwa sababu yaya yumo ndani. Yaya atafunga mlango upi? Mama wanaoosha nguo za watu mjini wataelewa swali letu.

Sasa tuje kwenye neno lililotukera zaidi katika ugomvi ule. Mzee mmoja, mtu wa heshima, alisema: "Haya ni mambo ya Wazungu, tena ya zamani." Mchezo ni wa mwaka 1879, kweli. Norwe iliwapa mama walioolewa haki ya watu wazima mbele ya sheria mwaka 1888, na mwaka 1913 wanawake wote walipata haki ya kuchagua wabunge. Lakini Wabeleji waliotuletea vitabu vyao vya sheria? Kwao wanawake walipata haki ya kuchagua wabunge kwa sheria ya 1948, na mamlaka ya bwana juu ya bibi yake yaliondolewa katika sheria tarehe 30 Aprili 1958. Wale mabibi wenye kofia, waliowaamrisha babu zetu katika bustani zao, kumbe kwa sheria ya kwao wenyewe walikuwa chini ya mamlaka ya bwana zao miaka miwili tu kabla ya uhuru wetu.

Na kwetu Kongo? Mwaka 1960 nchi ilichagua wabunge wake, wanaume peke yao wakapiga kura. Wanawake walipata haki hiyo mwaka 1967. Halafu, tarehe 1 Agosti 1987, ikatoka Sheria ya Familia. Isomeni, wapenzi. Kifungu cha 444 kilisema kwamba bibi anapaswa kumtii bwana yake. Kifungu cha 448 kilimtaka apate ruhusa ya bwana kwa kila mapatano ya kisheria yanayomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Kifungu cha 450 kilimkataza kwenda tribinali kwa mambo ya madai, kununua, kuuza au kujifunga kwa deni bila ruhusa hiyo. Bwana akikataa, aliweza kuiomba kwa hakimu. Katiba ya 2006 ilisema kwamba wote ni sawa, na vifungu vile vikaendelea kukaa miaka 10 zaidi. Vilibadilishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Hata katika sheria hiyo mpya bwana anabaki mkuu wa nyumba, lakini ruhusa ile imekwisha. Basi mama aliyefunga ndoa mwaka 1988 amekaa miaka 28 katika hali ya Nora, naye leo anakaa kanisani safu ya tatu, anatutazama. Hilo ndilo jambo la zamani?

Tuna deni la kusema neno moja juu yetu wenyewe. Mwaka 2004 tulikuwa na miaka 14. Baba alikuwa akifanya kazi ya migodi mbali, akirudi mara mbili kwa mwaka. Mama alitaka mkopo wa kununua mashini ya kushona. Mahali alipoomba walimwambia alete karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya bwana. Barua kwa baba ilihitaji majuma mengi, na mashini ilikuwa inauzwa juma lile. Mama alikaa kimya jioni nzima. Kisha akaleta taa, akaleta kalamu, akatuambia, sisi wenye mwandiko mzuri wa shule, tuandike jina la baba. Tuliliandika. Mama alipata mkopo, alipata mashini, na mashini ile ndiyo iliyotulipia seminari ndogo. Baba aliporudi aliambiwa yote. Aliitazama nakala ya karatasi muda mrefu, akasema kwamba herufi ya kwanza tumeikosea, na habari ikaishia pale.

Tulikwenda kuungama, ndiyo. Lakini toka siku ile jambo moja halikutuacha: mtoto wa miaka 14 aliweza kuandika jina la mwanaume, likapokewa, na mama wa watoto sita hakuweza kuandika la kwake. Baba yetu hakuwa Torvald, tunamshukuru Mungu. Lakini kama angekuwa Torvald, sheria ingesimama upande wake, na mashini ingerudi, na mama angeitwa mwizi katika nyumba yake. Wazee walituambia kwamba bwana mwema hamnyimi bibi yake ruhusa. Ni kweli. Nasi tunauliza kwa heshima: kwa nini mkate wa watoto uningojee mimi niwe mwema?

Wengine watatuletea Mtakatifu Paulo. Na wamlete mzima. Katika barua kwa Waefeso, sura ya 5, kabla ya kusema na mabibi katika aya ya 22, amewaambia wote, katika aya ya 21, watiiane wao kwa wao. Papa Yohane Paulo wa Pili alilieleza hilo waziwazi mwaka 1988 katika barua yake Mulieris Dignitatem. Wala Kanisa letu lisijifanye kana kwamba lilikuwa mbele siku zote. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilisema kwamba makao ya mke ni makao ya mumewe, kama vile makao ya mtoto mdogo ni ya mzazi wake. Ile ya 1983 inasema kwamba wote wawili wana haki sawa katika maisha yao ya ndoa. Huduma ya msomaji na ya akoliti ilifunguliwa rasmi kwa wanawake Januari 2021. Sisi tuliosomea seminarini tulifundishwa haya yote kama mambo ya tarehe tu, ya kukariri kwa mtihani.

Vijana wanataka kuuigiza mchezo huu baada ya Pasaka, na Padri amekubali, kwa sharti kwamba watu wazungumze kwanza kabla ya kurudi nyumbani. Tunawapa shauri moja. Msihangaike sana na kelele ya mlango. Tafuteni karatasi kubwa, ionekane mpaka safu za nyuma, na Krogstad anapoonyesha tarehe ya sahihi asome polepole. Nafasi ya yaya apewe mchezaji mzuri, siyo yule anayebaki. Mama yetu amesema atakuja. Ametuuliza kama yule Mnorwe alikuwa na mama aliyeshona.